Mivule ya Dada Kando ya Kijito

Baba aliponiambia nikang'oe miti ya dada yangu, nilipaswa kukataa. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari, na nilijua vizuri kwamba jambo lile halikuwa la haki. Nilichukua jembe nikaenda. Leo ni mzee wa kutembea na mkongojo, nakaa hapa Kampala chini ya kilima cha Kibuli, na kila nikiwasimulia wajukuu jinsi tulivyopata ardhi kule Bunyoro, huanza na mambo ya fahari na kunyamaza kabla ya kufika hapo. Safari hii nitasimulia yote.

Na fahari ipo, tena nyingi. Baba alizaliwa magharibi mwa Kenya, akaja Uganda kufanya kazi ya reli. Kwao shamba liligawanywa kwa ndugu sita, kila mmoja akabaki na kipande cha kufungia ng'ombe wawili. Miaka michache kabla ya Uhuru, serikali ya mkoloni ilifungua msitu ng'ambo ya mto Kafu ikakubali watu wa kwetu waende kukaa. Sharti lilikuwa ufyeke, ulime, na upande miti ya kudumu kwenye mipaka. Afisa akija kupima akakuta pori, sehemu yako anapewa mwingine. Akikuta miti, anaandika jina la aliyeipanda.

Baba aliacha kazi akaenda. Wenzake wa reli walimcheka. "Unaacha mshahara ukaishi na nyani?" Baba akawajibu, "Nyani hawatanipigia kengele alfajiri."

Aliyekwenda naye ni dada yangu mkubwa, si mimi. Mama yetu alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa shuleni. Dada alifiwa na mume akiwa na mtoto mchanga wa kike. Shemeji yake alitaka kumrithi, akakataa, akarudi kwa baba na mtoto mgongoni. Baba alimwita "mama" kwa sababu alibeba jina la bibi yetu. Dada alijua kushika shoka kuliko wanaume wengi wa kule. Kwa misimu miwili wawili hao waliangusha miti, wakachoma visiki, wakalala kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja. Nilipomaliza masomo nikawafuata, nilikuta mahindi yamenipita kimo. Dada alinitazama miguuni.

"Karani, vua viatu," akasema. "Huku hakuna ubao wa kuandikia."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa miche. Baba alinituma Kampala kwenye kitalu cha serikali. Kabla sijaondoka, dada aliniita pembeni akanipa fedha alizopata kwa njugu zake.

"Niletee na yangu. Mivule ishirini."

"Utaipanda wapi?"

"Kando ya kijito, pale nilipofyeka peke yangu. Nataka mimi na mwanangu tuwe na mahali ambapo hakuna mtu wa kutuambia tuondoke."

Mtunza kitalu alikuwa Mganda wa makamo, mwenye kofia ya kaki na Kiswahili cha Kampala. Alinionyesha mikaratusi midogo kwenye visanduku vya mbao, kisha akatupa mbele yangu fungu la vijiti visivyo na jani hata moja.

"Ssebo, nimeomba miche ya mvule," nikamwambia kwa heshima ya Kiganda. "Hizi ni fimbo."

"Hii ndiyo mvule. Iko mzima."

"Haina majani."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Sekondari."

"Sekondari! Na hawakukuambia kwamba mti analala?" Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Kisha akachukua kijiti kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, chini ya gome pakaonekana kijani kibichi. Alinieleza kwamba mche wa mvule hukatwa juu na chini, hubakizwa kishina na mzizi ili usafiri bila kukauka. Alivifunga vishina vyangu kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, akanionya nisikubali viwekwe juu ya basi penye jua.

Somo hilo sijaliacha. Hata sasa, nikipita kwa wauza miche wa kando ya barabara, sinunui kabla sijakwaruza, nao wananijua. "Mzee wa kucha amekuja! Ficheni miche!"

Nilipakata vishina vile siku nzima. Kila basi liliposimama nilishuka kutafuta maji ya kuvinyunyizia. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alishindwa kuvumilia.

"Kijana, unapeleka kuni Bunyoro? Si ndiko zinakotoka?"

Basi zima lilicheka. Niliendelea kunyunyiza. Katika vishina vyote nilivyofikisha, vilikufa vitatu tu, na hilo nalisema kifua mbele.

Tulipanda mvua za kwanza. Mimi na baba tulizungusha mipaka ya shamba, na dada akapanda ishirini yake kwa mstari mmoja kando ya kijito. Baba alimwona akipima nafasi kwa hatua, hakumzuia. Baada ya wiki kadhaa vijiti vilianza kutoa machipukizi, na mara kwa mara nilimkuta dada amechutama mbele ya kimoja, akimwonyesha mtoto.

Ndipo baba mdogo akaja kututembelea kutoka nyumbani. Lazima nieleze kwamba kwetu wakati huo mwanamke hakupanda mti. Mti ndio uliokuwa hati. Anayepanda amesema ardhi ni yake. Na ili wanawake waogope, waliambiwa kwamba mke akipanda mti, mumewe hufa. Baba mdogo alisimama kwenye kijito, mikono nyuma.

"Nani amepanda hii?"

"Mimi," dada akajibu, bila kuacha kupalilia.

"Hujui kwamba mwanamke akipanda mti mumewe hufa?"

"Wangu alishakufa, baba mdogo. Sasa hii itamuua nani?"

Mimi nilicheka. Baba hakucheka.

Siku zilizofuata baba mdogo hakuchoka kusema. Huyu mwanamke ataolewa tena, ardhi itakwenda kwa wageni. Majirani watasema hapa anatawala binti. Baba, ambaye hakuogopa msitu wala kuacha mshahara, aliogopa maneno hayo. Kisha tukasikia kwamba afisa yuko njiani. Jioni baba aliniita kwenye ghala la mahindi.

"Kesho kutwa wanapima. Wakiikuta ile mivule wataandika jina la dada yako. Wewe ndiye uliyeileta, kaiondoe."

Akatazama chini, akaongeza, "Sehemu ile itakuwa yako."

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilimtii mzazi. Baba hakuwa mtu wa kupiga wala kulaani. Nilivyomwona jioni ile, ningekataa angeshukuru. Lakini mimi niliitamani sehemu ile tangu siku nilipoiona, udongo mweusi na maji yasiyokauka. Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyoninyanyua.

Asubuhi nilianza kung'oa. Mizizi ilikuwa imeshashika, ilibidi nichimbe kila mmoja. Nilipofika katikati ya mstari dada alitokea, mtoto mgongoni. Nilisubiri anipigie kelele au aninyang'anye jembe. Alisimama tu akitazama, mpaka nilipojifuta jasho nikidhani nimemaliza.

"Umeuruka mmoja," akasema, akanionyesha kwa kidole nyuma ya kichuguu.

Nikaenda nikaung'oa na ule.

Afisa alipima, akakuta miti ya mpakani tuliyopanda mimi na baba, akaiandika sehemu ya kijito kwa jina langu. Wiki haikuisha, dada akaondoka na mtoto wake.

Ardhi ile imetutendea mema. Serikali zilikuja na kuondoka, sisi hatukuondolewa. Mivule miwili ya baba ilitoa milango ya shule ya kijiji, na mingine bado imesimama, minene hata watu wawili wakiikumbatia mikono yao haikutani. Baba amezikwa pale. Mazao ya shamba yalisomesha wanangu wote, huku mimi nikiwa karani katika ofisi moja ya Nakasero. Sioni aibu kujivunia hayo.

Ila anayestahili sifa zaidi ni dada. Alikuja Kampala bila mtu, akaanza kukausha samaki Ggaba, kando ya ziwa, kwenye meza ya mwingine. Miaka si mingi akawa na meza yake, na wenye mitumbwi wakawa wanasubiri yeye aseme bei ndipo wauze. Binti yake aliyebebwa mgongoni alikuja kuwa muuguzi. Nilipoambiwa dada yuko wapi, nilimwendea.

"Karibu, bwana," akasema. "Ngege au sangara?"

"Dada, ni mimi."

"Nakuona. Ngege au sangara?"

Nilinunua ngege. Alinichagulia mzuri, akamfunga vizuri, akanishukuru kama mteja yeyote. Nilirudi mwezi uliofuata, na miezi mingine mingi. Baba alipofariki nilimwambia niko tayari kumwandikia sehemu ya kijito. Alikuwa akiparua magamba, hakuinua macho.

"Ningeweza kununua shamba mahali popote," akasema. "Nilitaka siku ile ukatae. Sogea, bwana, kuna watu nyuma yako."

Alifariki mwaka juzi. Kwenye mazishi binti yake aliniamkia kwa heshima, akanikalisha pamoja na wateja wa mama yake. Mchungaji alipoita ndugu wa marehemu wasimame, niliinuka nusu, nikaketi tena.

Nilipata kipande cha ardhi chenye maji, na tangu asubuhi ile mpaka alipokufa, dada yangu wa pekee hakuniita ndugu tena.