Ufunguo wa Duka la Loubry

Évariste Loubry aliogopa funguo. Mbwa hakuwaogopa, radi haikumtisha, hata kipindupindu kilipopita mjini kwetu Rouen aliendelea kupiga kinanda chake kanisani kama kawaida. Lakini funguo zilimtoa jasho. Na mtu huyu alizaliwa katika duka la fundi makufuli, akalala utoto wake wote chini ya ukuta uliotundikwa funguo kama soseji buchani.

Hofu ilimwingia kwenye ukumbi wa opera, siku baba yake alipompeleka kumsikiliza mwimbaji mgeni. Hapa kwetu mwimbaji akiletwa kwa msimu mpya, mji lazima umjaribu kwanza. Tukimpenda tunapiga makofi. Tusipompenda, kila mtu anatoa mfukoni ufunguo wa nyumba yake, ule mkubwa wenye tundu katikati, anauweka mdomoni na kuupuliza. Mluzi wake unachoma masikio. Paris kuna watu wanalipwa wapige makofi. Sisi Rouen tunapiga miluzi bure, na tunajivunia. Sioni sababu ya kulificha.

Jioni ile mwimbaji alikosa sauti moja ya juu, basi. Ukumbi mzima ukalia miluzi. Évariste alimwona yule bwana jukwaani, mikono inatetemeka, taji la karatasi limemwangukia puani, mdomo bado wazi ingawa hakuna aliyemsikia tena. Mtoto akageuka amshike baba yake mkono. Akamkuta baba naye ameweka mdomoni ufunguo wa duka, mashavu yametuna, macho yanacheka. Évariste akajikojolea pale pale.

Angekuwa na akili angebaki dukani kuchonga makufuli. Lakini muziki ulimng'ang'ania. Alikwenda kusoma Paris, akatunga opera fupi ya kuchekesha juu ya mfinyanzi na mkewe, na wakubwa wakakubali ichezwe. Usiku wa kwanza, wimbo wa mfinyanzi ulipofika katikati, mluzi mmoja ukasikika, kisha wa pili. Évariste hakungoja wa tatu. Alitoka mbio bila kofia, na kesho yake alikuwa ameshafika kwa mama yake Rouen. Kama watu walipiga makofi mwishoni, hakujua, na hakumuuliza mtu maisha yake yote.

Aliishi hivyo. Jumapili kinanda cha kanisa, siku nyingine kuwafundisha piano mabinti wa wenye viwanda vya pamba, ambao wengi wao walikuwa na vidole vya mbao. Alimwoa Philomène, mwanamke mcheshi aliyepika utumbo mtamu kuliko wote mtaani. Na kila jioni alitunga. Alimaliza opera tatu kubwa, akazifungia katika sanduku la mablanketi, wala hakumwonyesha mtu. Philomène alimsikia akizipiga polepole piano ikiwa imefunikwa shuka ili majirani wasisikie, na ilimuuma.

Ndipo siku moja akachukua moja, ile iliyoitwa *Binti wa Mlinzi wa Daraja*, akaificha chini ya kabichi kwenye kikapu, akaipeleka kwa mkurugenzi wa ukumbi. Mkurugenzi akaipenda. Matangazo yakabandikwa mjini kabla Évariste hajajua lolote. Aliposoma jina lake ukutani, nje ya duka la mkate, alikaa chini njiani.

"Umeniua, Philomène," alisema alipofika nyumbani.

"Mbona unapumua?"

"Usinifanyie mzaha. Nisikilize vizuri. Wakipiga miluzi, hizi zilizobaki sandukuni nazitia motoni usiku huo huo. Na sitatunga tena."

Philomène akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Aliyebaki wa kumtegemea ni mdogo wake, Baptistin, aliyerithi duka la baba. Msimu wa opera ukikaribia, vijana wa Rouen humpelekea fundi funguo zao azisafishe matundu, ili zitoe mluzi mkali. Vuli ile benchi la Baptistin lilikuwa limejaa. Évariste aliingia dukani akiwa amekunja mikono kifuani asije akagusa kitu.

"Titin, mdogo wangu. Zitie nta."

"Nini?"

"Kwenye matundu. Nta kidogo tu, ndani kabisa. Nani atajua? Mlango utafunguka kama kawaida, ila wakipuliza, kimya."

Baptistin aliweka tupa chini. "Kaka, unajua unachoniomba? Hizi ni funguo za watu."

"Najua. Sina pengine pa kwenda." Alirudi nyuma hatua moja kutoka benchini. "Nitakufa jukwaani mbele ya mji mzima, kama yule mwimbaji wa zamani. Unanisikia?"

"Nimekusikia," alisema Baptistin, akachukua tupa yake tena.

Évariste aliondoka akiamini mambo yamekwisha. Hofu haikwisha. Wiki ile hakuweza kumeza ila supu, na mkewe alimkuta zaidi ya mara moja amesimama sebuleni akikitazama kitasa cha mlango.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa hadi ghorofa ya juu kabisa, wanakokaa wafumaji na wapakuzi wa bandarini, mabingwa wa miluzi. Évariste alijificha pembeni mwa jukwaa, nyuma ya ukuta wa turubai uliochorwa mto. Sehemu ya kwanza ikapita kimya. Hakuna aliyekohoa. Alijiambia ni nta, nta imefanya kazi, Mungu ambariki Titin.

Sehemu ya pili, binti wa mlinzi alipoanza kuimba peke yake darajani, mluzi ukalia kutoka ghorofa ya juu.

Mmoja, mrefu, mkali. Évariste aliujua. Miaka yote ile alikuwa akiusikia usingizini. Kumbe nta hakuna! Mwimbaji alinyamaza, orkestra ikayumba, huko juu kukazuka kelele na viti vikagongana. Huo ndio mwanzo, aliwaza, sasa watajibu wote. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akapita mlango wa nyuma, akakimbia kwenye mvua bila koti, akipita kando ya kanisa lake mwenyewe bila kuliona.

Nyumbani makaa yalikuwa bado mekundu. Alifungua sanduku, akatupa mablanketi sakafuni, akapiga magoti mbele ya moto. Alichukua opera iliyokuwa juu na kutia kurasa za kwanza. Zikajikunja, zikashika. Alilia kwa sauti, kwa sababu Philomène alikuwa bado ukumbini na hakuna aliyekuwepo wa kumsikia.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Fungua! Kaka! Fungua au nauvunja, na unajua kuvunja mlango ni kazi yangu!"

Kitasa kikazunguka, kikafyatuka, Baptistin akaingia. Koti lake lilikuwa limechanika bega, mdomo unavuja damu, jicho moja limeanza kuvimba. Aliona moto, akaruka, akanyakua kilichobaki mikononi mwa kaka yake.

"Una wazimu wewe?"

"Walipiga mluzi, Titin. Niliusikia."

"Nilipiga mimi!"

Évariste akamtazama asielewe.

"Mimi," alisema Baptistin akijifuta mdomo. "Sikutia nta hata ufunguo mmoja. Nilizisafisha zote mpaka zikang'aa. Nikakaa kule juu sehemu ya kwanza yote, funguo ziko mifukoni mwao, hakuna aliyeugusa wake. Nikasema, huyu kaka yangu kesho atasema ni nta. Hata nikimwapia ataniona mwongo. Mpaka anazikwa atasema ni nta. Basi nikatoa ufunguo wa baba, nikapuliza, ujue nta hakuna."

"Na wenzako wakafuata."

"Wenzangu? Nitazame! Wamenipiga, Évariste! Wapakuzi wale wale! Mmoja alinishika shingo, akaniambia, 'Ukirudia tena, mjinga wewe, utaondoka hapa bila meno.' Wakanitupa ngazini kama gunia. Binti akaanza wimbo wake upya, wakampigia makofi mpaka vumbi likadondoka darini. Nilisikia nikiwa chini kwenye ngazi." Akakaa juu ya sanduku, ghafla amechoka. "Usidhani ilikuwa rahisi. Nilikuwa naogopa kuliko wewe. Angenifuata mmoja tu, ningekuwa nimekuua kwa mkono wangu."

Kurasa zilizoungua zilikuwa zimeshakuwa jivu, na opera ile mpaka leo inaanza katikati ya wimbo.

"Sehemu ya tatu bado," alisema Baptistin. "Vaa koti langu, limechanika lakini ni kavu ndani. Na chukua huu." Akamwekea kiganjani ufunguo wa duka. "Ukiona muziki haufai, puliza mwenyewe."

Évariste alirudi, lakini si pembeni mwa jukwaa. Alipanda ghorofa ya juu, akajibanza kwenye benchi kati ya watu wanaonuka samaki na pombe ya matufaa. Hakuna aliyemjua. Taa zilipofifia aligundua bado ameushika ufunguo mbele ya kifua.

Mpakuzi aliyekaa kando yake, mtu mwenye shingo nene, aliuona.

"We mzee," alimnong'oneza kwa hasira, "ukithubutu kupuliza huo, nakutupa chini kama tulivyomtupa yule mwingine. Hii opera tunaisikiliza."

"Sitapuliza," alisema Évariste, na machozi yakamtoka. "Haki ya Mungu, sitapuliza."