Stoo Iliyovuka Mpaka

Kwa miaka thelathini na mmoja Nestory Mihayo alichonga mihuri kwenye kibaraza cha duka moja karibu na Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Mihuri ya shule, ya vijiji, ya vyama vya ushirika, yote ilipita mikononi mwake, herufi zikichongwa kinyume kwa wembe ili zikigonga karatasi zisomeke. Mashine za kisasa zilipoingia mjini aliendelea miaka michache, kisha akafunga meza yake, akarudi nyumbani Buswelu kulima mboga nyuma ya nyumba. Hakulalamika. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na magoti yalikuwa bado yanamtii.

Tatizo lilikuwa vifaa. Majembe mawili, reki, keni ya kumwagilia na bomba la kupulizia dawa vilikaa kwenye korido, na toroli lilisimamishwa jikoni. Siku moja mkewe, Odeta, akiwa amebeba sufuria ya uji, alijigonga muundi kwenye reki. Aliweka sufuria chini, akakaa.

"Baba Rebeka," alisema, "hivi vitu vyako vitafutie kwao."

"Nitajenga stoo."

"Nimpigie Mashimba?"

"Hapana. Nitajenga mwenyewe."

Odeta alimtazama, akaendelea kusugua mguu. Mashimba alikuwa kaka yake, fundi ujenzi anayejulikana Buswelu yote, na ndiye aliyewajengea nyumba hiyo. Aliijenga haraka na kwa moyo mmoja, ila dirisha la jikoni lilikaa limeinama kidogo upande wa kushoto. Miaka tisa Nestory alikuwa akinywa chai ya asubuhi huku analitazama dirisha lile, na hakuwahi kumwambia mtu.

Stoo ilimchukua wiki tano. Alichagua kona ya nyuma, kando ya ua wa minyaa, mahali pasipoota kitu kwa sababu ya mawe. Alipanga mawe bapa sita, akayasawazisha kwa pima maji, akalaza juu yake fremu ya mbao ili sakafu isiguse udongo, maana mchwa wa huko hawabakizi kitu. Mbao zote alizipaka oili chafu. Kuta alizifunika kwa mabanzi ya mbao aliyoyapiga randa moja moja mpaka yakakutana bila kupitisha mwanga. Kila alipomaliza upande mmoja alivuta kamba kutoka kona hadi kona, kisha kwenye kona nyingine mbili, na kama vipimo havikulingana hakugonga msumari mwingine. Mashimba alipita barabarani mara mbili na pikipiki yake. Alipunguza mwendo, akapiga honi, akaenda zake.

Ilipokamilika, mlango ulifungwa kwa kusukumwa na kidole. Odeta aliingiza gunia lake la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akatoka akisema stoo ina harufu ya gereji lakini ni nzuri.

Wiki mbili baadaye wapima ardhi walikuja kwa jirani. Jirani huyo, Mwaija, alikuwa akiuza vitenge mjini, na alihamia Buswelu mwaka uliopita. Kwa kuwa ua wa minyaa ulikuwa mrefu kuliko mtu, yeye na Nestory walikuwa wamesalimiana barabarani tu. Sasa alikuwa anashughulikia hati ya kiwanja. Wapima walifukua udongo, wakakuta bikoni, jiwe la alama ya mpaka, upande wa Nestory, hatua mbili kamili kutoka kwenye minyaa. Mwenye kiwanja wa zamani alipanda ua bila kupima. Stoo ilikuwa imesimama karibu yote kwenye ardhi ya Mwaija.

Alasiri hiyo Mwaija alikuja mwenyewe, akabisha hodi kwenye geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

"Nimekuja kwa lile jambo la mpaka. Nimeongea na wadogo zangu, tumekubaliana stoo ikae pale pale. Hizo hatua mbili sina haraka nazo."

"Nashukuru sana," Nestory alisema. "Lakini haiwezi kukaa. Nimekosea."

"Aliyekosea ni aliyepanda minyaa."

"Na mimi nikapima kutoka kwenye minyaa."

Mchoro wa kiwanja chake ulikuwa kabatini, ndani ya bahasha, siku zote hizo. Hakuutoa. Hilo lilimuuma kuliko kazi yenyewe.

Kesho yake akaanza kubomoa. Banzi la kwanza lilipasuka kwenye misumari, la pili likapasuka vilevile. Akaweka nyundo chini, akakaa kizingitini. Odeta alitoka, akaangalia, akarudi ndani na kumpigia kaka yake bila kuuliza.

Mashimba alifika baada ya saa moja. Alikizunguka kibanda, akapitisha kiganja kwenye kuta, akachuchumaa kutazama fremu kwa chini.

"Acha kubomoa, shemeji," alisema hatimaye. "Misumari imeshika mno, utapasua kila ubao. Tutoe bati na mlango, tupitishe milingoti chini, tukibebe kizima."

"Kitabebeka?"

"Umekiweka juu ya mawe. Kitabebeka." Akakaa kizingitini kando yake. "Hukuniita."

"Nilitaka kujaribu mwenyewe."

"Ni lile dirisha?"

Nestory aligeuka kuitazama nyumba.

"Kumbe unalijua," alisema.

"Nililiona siku ya plasta. Nikasema nitarudi kulirekebisha. Kila nikija mnanipa chai, mnanishukuru. Nikadhani labda hamjaliona."

"Tumeliona."

Mashimba alitikisa kichwa kukubali.

Jumamosi walikusanyika watu kumi na wanne: wanajumuiya wa kanisani kwa akina Odeta, wadogo watatu wa Mwaija na mafundi wawili wa Mashimba. Mahali papya palikuwa kando ya migomba, hatua tisa kutoka pale. Mashimba alihesabu, wakainua, na stoo ikaanza kutembea uani ikiwa haina paa, Nestory akiwa ameshika kona ya mlangoni. Kwenye hatua ya sita mzee mmoja wa jumuiya aliteleza kwenye tuta la mchicha. Kona yake ikashuka, mbao zikalia, na kibanda kizima kikajikunja.

Wote walimtazama mwenye kibanda.

"Kuna aliyeumia?" Nestory aliuliza.

Hakuna.

"Basi tumalizie."

Walipokitua alivuta kamba. Vipimo vilipishana vidole viwili. Mashimba alifunga kamba nene kwenye kona ya juu, wakavuta, akapigilia ubao wa mshazari. Tofauti ikabaki kidole kimoja na haikutoka tena. Jumatatu Nestory alirudisha bati, akaupunguza mlango kwa randa. Sasa unafungwa, ila lazima uuinue kidogo kwa mpini. Odeta aliuzoea siku ile ile. Nestory aliendelea kupima siku nne, kipimo kikawa kile kile, akaacha.

Mwaija aliita vijana wakaikata minyaa, wakijikinga macho na utomvu wake. Uwanja ukawa wazi, na Nestory akitoka asubuhi kuchukua jembe anamwona jirani akiwasha jiko, wanasalimiana, wakati mwingine wanaongea habari za mvua. Matofali ya ukuta ambao Mwaija angejenga mpakani yalishushwa mwanzoni mwa vuli.

"Mzee," Mwaija aliita siku moja, wingu likiwa limeshaziba upande wa ziwa, "nina mifuko kumi ya saruji hapa na sina pa kuiweka."

Nestory alitoa toroli nje, akasogeza gunia la michembe ukutani, akalaza vipande viwili vya mbao sakafuni ili unyevu usipande.

"Ilete," alisema. "Mlango uinue kidogo."