Ndege wa Nyasi Katika Tundu la Waya

"Mama, mbona huyu amelala miguu juu?" binti yangu aliuliza. Ilikuwa Ijumaa, tumeingia duka la ndege hapa Doha kukwepa jua tu. Muuzaji akafungua tundu lisilo na maji, akamtoa yule mfu, akamtupa kwenye pipa la takataka. Ndege wa kutosha kiganja cha mtoto, kutoka nyanda za nyasi za Amerika Kusini.

"Usijali, madam, wamebaki watano. Hawa wamenaswa porini Amerika Kusini, wa kufugwa hawaimbi hivi. Wakiisha tunaletewa wengine."

Wakiisha! Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimfokea mpaka wateja wakatoka.

"Khalas, madam, basi, khalas! Ni ndege tu."

Ndege tu? Wewe ndugu yangu hujui nilikokulia. Kule kwetu Kinangop kwenye baridi, nyasi zilisimama mafungu mafungu, zina umande wa kukutia ganzi vidole. Mimi na nyanya tulikata majani ya ng'ombe humo, na humo waliishi ndege wa kifua cha manjano, wanaotaga chini kabisa. Nyanya akikuta kiota, alifunga fundo kwenye nyasi zilizokifunika, tukapita kando. "Hapo pana mwenyewe," alisema. Tukirudi kunywa uji kwenye moshi wa jikoni, tuliwasikia nje wakipiga mluzi.

Kisha baba akataka shamba la viazi. Trekta lilipokuja, nilikimbia kumwonyesha baba fundo la nyanya.

"Toka hapo. Wataenda kwa jirani."

Jirani naye alikuwa analima. Nikafuata trekta nikipanda viazi kama mtoto mwenye adabu. Viazi hivyo ndivyo vilivyonisomesha hadi kidato cha nne. Likizo iliyopita niliamka alfajiri wiki nzima nyumbani, nikisikiliza mluzi wao. Hakuna hata mmoja. Nyasi zenyewe hakuna.

Jumapili nikaketi kuandika. Mume wangu akasoma begani kwangu. "Wee mama, unataka turudishwe kwetu sababu ya ndege?"

Nikatuma, na jina langu kamili juu:

"Kwa ofisi ya mazingira. Mimi ni mkazi wa Al Wakrah. Ijumaa mchana niliona katika duka la ndege mjini Doha ndege watano hai na mmoja mfu ndani ya tundu moja, bila maji. Muuzaji alikiri kwamba wamenaswa porini Amerika Kusini. Naomba duka likaguliwe leo, na vibali vya kuwaingiza nchini viangaliwe. Nitakuja kutoa ushahidi mkiniita. Naomba jibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba mmefika mkakuta wote wamekufa."