Nilionja Kwanza, Ndipo Nikamnywesha Kaka Yangu

Admin, jina langu lifukie kabisa, hata herufi ya kwanza usiiweke, maana ndugu zangu wote wako humu na wanapenda kukomenti. Nina miaka hamsini na tisa, mjane, naishi Kiboriloni, ila kwetu ni Rombo, juu mlimani. Zamani nilikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwenye jumuiya ya kanisani wananiita mama wa huruma kwa sababu nilimuuguza kaka yangu mpaka akafa. Leo niwaambie nilimuuguzaje.

Kaka yangu, nimwite Deo, alikuwa mtu wa maana. Miaka ile ya tisini kahawa ilipokosa bei, yeye aliingia biashara ya kuvusha maharage mpakani Tarakea, akajenga. Kisha akaanza kunywa tangu asubuhi. Halafu yakaja mengine. Akasema redio ya jirani inamsema. Akasema sisi ndugu tunataka kumwekea sumu turithi kihamba, lile shamba la migomba aliloachiwa na baba. Mkewe alikimbilia kwao, akamwachia mtoto wa kike wa miaka mitano, nimwite Rose.

Nyumbani kila mtu akawa daktari. Mjomba alisema ni pombe tu, afungwe kamba wiki mbili. Mama alisema ni laana ya ukoo, pombe inasingiziwa. Tulipomfikisha hospitali mjini, daktari alituambia, "Ana magonjwa mawili, la ulevi na la akili, na yanatibiwa yote kwa pamoja. Lakini dawa hizi zisikutane na pombe hata siku moja." Nilisikia kwa masikio yangu yote mawili, siwezi kusingizia uziwi.

Deo alikataa vidonge. Alikataa hata chakula. Alichokubali ni mbege yangu, kwa sababu kwetu anayekukaribisha mbege huonja kwanza mbele yako, ujue haina sumu. Mimi naonja, yeye ananikodolea macho kooni mpaka nimeze, ndipo anapokea kata. Basi nikawa nasaga vile vidonge, unga naushika kiganjani. Naonja, nageuka kidogo kama nafuta mdomo kwa khanga, unga unaingia kwenye kata, nampa.

"Asante dada," ananiambia. "Wewe tu ndiye huniui."

Akatulia. Kabla ya hapo alikuwa anatukana wateja wangu na kupindua ndoo za pombe. Sitawadanganya kwamba nilifanya kwa upendo. Nilikuwa nimemchoka, na kilabu changu kilikuwa kinakosa watu.

Krismasi ikafika, na kama mnavyotujua Wachagga, kila mtu akapanda nyumbani. Mdogo wangu, nimwite Felix, alitoka Dar na wakwe zake. Akanivuta kando ya zizi. "Dada, huyu mwendawazimu wako asije akatuaibisha mbele ya wageni. Mtulize." Nikazidisha unga mara mbili, halafu mara tatu. Kila kata niliionja mbele yake.

Deo alishinda kwenye kiti nje, kidevu kifuani, mate yanamtoka, watu wanapita mbele yake na nyama za ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Walinisifu sana kwa kumtuliza. Mmoja alimwekea mfupa mapajani, wakacheka, na mimi nikacheka. Hakuna aliyekumbuka kumwingiza ndani. Kulipokucha tulimkuta palepale kwenye kiti, amepaliwa na matapishi yake, ameshapoa. Mfupa ulikuwa bado mapajani.

Kwenye mazishi padri alihubiri juu ya ulevi. Nikaitikia amina. Rose aliponiuliza baba yake ameuawa na nini, nilimwambia pombe.

Rose nimemlea mimi, sasa yuko thelathini na kitu. Naye alikunywa, na mwaka huu akaanza kusikia watu ndani ya ukuta. Nilimpeleka kliniki, nesi akasema maneno yale yale ya zamani, kwamba magonjwa yote mawili yatibiwe pamoja, na mgonjwa mwenyewe aelezwe anameza nini na kwa nini. Pombe ameacha, mwezi wa nne huu. Vidonge amevitupa chooni.

"Shangazi, ukoo wetu hauna vichaa," ananiambia. "Baba aliuawa na pombe, si uliniambia mwenyewe? Mimi pombe nimeacha. Dawa za nini tena?"

Juzi amegonga kichwa ukutani mpaka damu, anataka wale watu watoke. Nikimwambia baba yake aliugua akili kweli, ataniuliza alikufaje. Nikimwambia alikufaje, hatagusa kidonge tena maisha yake yote, na chakula changu hatakila. Nikinyamaza, naona anakokwenda, njia hiyo naijua.

Jana nilimpigia Felix anishauri. Alicheka. "Si umfanyie kama ulivyomfanyia baba yake? Ila safari hii usizidishe." Kumbe miaka yote hii alijua, na nyama alikula.

Kinachonitesa, jamani, ni kwamba naweza. Nimerudi kliniki nikachukua vidonge vingine. Rose siku hizi hali wala hanywi cha mtu yeyote isipokuwa chai yangu, tena lazima nionje kwanza. Asubuhi hii nimeonja. Amenikodolea macho kooni vilevile kama baba yake, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Kwako tu ndiyo nina amani, shangazi."

Vidonge vimefungwa kwenye pindo la khanga yangu, bado sijavisaga. Nitukaneni mtakavyo, nastahili, lakini mkimaliza mniambie: kesho asubuhi nifungue mdomo, au nifungue pindo?