Lorna Alipopandisha Ki

Katika kanisa la mabati pale Matisi, Kitale, hakuna mtu aliyemwomba Nelima ashike besi, lile gita la sauti nzito. Aliishika kwa sababu ilikuwa imelala. Ian, mpigaji wa zamani, alitolewa kwa bendi baada ya kukesha akipiga kwa baa, akaja kusinzia madhabahuni Jumapili, mahubiri yakiendelea, mdomo wazi. Gita likaegemezwa ukutani nyuma ya spika, likaanza kula vumbi. Nelima, mama wa makamo anayeendesha kinu cha kusaga unga, akalifuta kwa leso yake, akalivaa, akasema, "Mimi nitajifunza."

Watu walicheka. Lorna hakucheka. Lorna ndiye kiongozi wa kusifu, na Ian ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Mama Joy," akamwambia Nelima, "si urudi tu kwa unga? Hiyo kitu ni ya watu wenye wako na masikio."

"Masikio niko nayo mawili," Nelima akajibu. "Ndio maana nimekusikia."

Kuanzia hapo salamu zikaisha kati yao. Wakikutana mlangoni, mmoja alijifanya anatafuta kitu kwa mkoba mpaka mwingine apite.

Aliyemfundisha Nelima ni Kimaiyo, mzee wa ngoma, na yeye pia hakumpenda. Alimwambia hivyo siku ya kwanza. "Usidhani nakufundisha juu ya roho safi. Nimechoka kupiga peke yangu. Bila besi, ngoma yangu inasikika kama mtu anavunja sufuria."

Alimfundisha mwendo wa kwanza, ule wa kutembea: mguu wake ukigonga ngoma kubwa, kidole cha Nelima kiguse uzi, basi. Halafu mwendo wa kuruka, mapigo mawili ya haraka na kimya kidogo. Hapo kwa kimya ndipo Nelima alipata shida. Aliona kimya ni kosa, akawa anakijaza.

"Mama, unapaka samli?" Kimaiyo akafoka. "Mbona unajaza kila mahali? Acha nafasi, watu waweke mguu."

Akamwonyesha pia namna ya kufunga wimbo. Kwa bendi ile, mwimbaji haamui mwisho. Mpiga ngoma humtazama mpiga besi, mpiga besi akiinamisha kichwa wanafunga pamoja. Asipoinamisha, wanazunguka tena, na mwimbaji lazima aimbe. "Hiyo ni heshima ya besi," Kimaiyo akasema. "Usiichezee."

Lakini mzee alimfundisha kwa njia ya mkato. Kati ya ki zote, yaani ngazi za sauti za kuimbia, alimwonyesha ya A peke yake, ambayo nyuzi zinazotakiwa ziko tayari, unazipiga wazi bila kufinya. Mkono wa kulia ulifanya kazi, wa kushoto ulikuwa mgeni tu. Nelima hakujua kuna njia nyingine. Lorna alijua. Alikuwa amekua na Ian nyumba moja.

Pasta Sifuna akachoka na minong'ono, akasimama mbele ya bendi yote. "Tunaenda Bungoma kufungua kanisa la wenzetu. Mama Joy akisimama siku hiyo, besi ni yake na sitaki kusikia neno tena. Akianguka, Ian anarudi."

Mazoezi yaliyofuata, Lorna alianza wimbo vizuri, katika ki ya A. Ubeti wa pili akaweka mkono nyuma ya mgongo, akainua kidole kimoja. Ngige wa kinanda alikuwa akiingoja hiyo ishara. Ngige hajui kupiga vibao vyeusi. Kinanda chake kina kitufe, ukikibonyeza sauti zote zinapanda, na yeye anaendelea kupiga palepale. Akabonyeza. Ki ikapanda hatua moja, Lorna akapanda nayo, kwaya ikapanda. Besi haina kitufe. Nelima akabaki chini na nyuzi zake wazi, na sauti ikatoka kama lango la chuma linaloburutwa kwa simiti.

Lorna akanyamazisha kila mtu. "Hiyo ni besi ama ni kinu imekwama mahindi?"

Kwaya ikacheka. Ngige alicheka kuliko wote. Nelima akatazama vidole vyake, akahesabu ni nani anacheka na ni nani anajifanya kukohoa.

Wengine walipotoka, Kimaiyo alibaki akikaza ngozi ya ngoma. "Amekushika pabaya," akasema. "Na ni makosa yangu, lakini siombi msamaha. Leta mkono wa kushoto hapa."

Akamfinyisha uzi wa pili kutoka juu kwenye kile chuma kidogo cha kumi na mbili cha shingo ya gita. "Hapa ni nyumbani. Jirani wa juu, chuma hichohicho. Jirani wa chini, hichohicho. Laini moja. Yeye akipanda, wewe sogeza mkono wote chuma kimoja, mwendo ni uleule. Usiguse uzi wazi tena. Ukigusa, amekumaliza."

Nyumbani hakukuwa na spika. Nelima aliegemeza gita kwa mlango wa kabati ili mbao zimpe mvumo. Vikombe vilitetemeka. Joy, binti yake, alikuwa na mtihani.

"Mum, kabati inaongea tena. Si wamekwambia hujui?"

"Wameniambia. Fungua kitabu."

Vidole vya kushoto vilivimba, vikapasuka, vikakauka. Alisogeza ile laini moja juu na chini ya shingo ya gita mpaka akaacha kuitazama.

Bungoma walifika asubuhi. Kanisa jipya lilikuwa limejaa hadi nje, wageni kutoka Tongaren na Cheptais wamekalia viti vya plastiki chini ya turubai. Katika kiti cha mbele kabisa alikaa Ian, suti imepigwa pasi, mikono mapajani. Lorna mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Amekuja kukusaidia kubeba gita ukimaliza," Lorna akamwambia Nelima, bila kumwangalia.

Wimbo ukaanza kwa ki ya A. Nelima hakugusa uzi wazi. Ubeti wa pili kidole kikainuka nyuma ya mgongo. Ngige akabonyeza, Nelima akasogea chuma kimoja, na besi ikapanda pamoja nao. Lorna aligeuka nusu. Akainua tena. Nelima akasogea. Watu wakasimama, viti vikasukumwa, akina mama wa Bungoma wakashuka kwa mabega kufuata ule mwendo wa kuruka. Lorna akainua tena, na tena. Sasa hakuwa anaimbia watu. Alikuwa anamwinda mtu mmoja nyuma yake, na hasira hazikumpa nafasi ya kukumbuka kwamba shingo ya gita bado ni ndefu na koo lake ni fupi.

Nelima aliona mishipa imemtoka shingoni. Kimaiyo aliiona pia, akamtazama Nelima, akingoja kichwa kiiname. Ilikuwa wakati wa kufunga. Wimbo ulikuwa umeisha vizuri, kiti cha besi kilikuwa chake, kila mtu alikuwa ameona.

Nelima akatikisa kichwa. Wakazunguka tena.

"Mama, inatosha," Kimaiyo akasema, meno yamefungwa.

"Piga ngoma."

Lorna akaweka mkono nyuma, kidole sasa kikielekeza chini. Ngige alikuwa amefumba macho akifurahia, hakuona. Lorna akaikimbilia sauti ya juu, ikakatika katikati. Kikatoka kikohozi, halafu hewa tupu. Kwaya ikadaka maneno yake haraka. Ni hapo tu ndipo Nelima akainamisha kichwa, wakafunga, pigo moja safi.

Watu walipiga makofi. Pasta Sifuna alikuja nyuma ya jukwaa akijipangusa jasho. "Besi ni yako, Mama Joy, neno ni neno. Lakini nimeona vile umefanya." Akamwonyesha ratiba. "Mchana tuko na ibada ya pili. Nani ataimba?"

Nelima akageukia upande wa Lorna. Ian alikuwa amesimama kando ya dada yake, amemshikia chupa ya maji moto. Mkono mwingine ulikuwa unacheza hewani, vidole vikisogea laini moja juu na chini, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Alipoona anatazamwa, akauficha mfukoni.

Lorna alimwacha hapo, akaja mpaka karibu kabisa, macho mekundu. Sauti ilikuwa mkwaruzo tu. "Mimi na wewe hatujamaliza."

"Sogea," Nelima akamwambia. "Umekanyaga waya."