Nani Anaijua Seva Hii

Simwamini mtu anayeinua karatasi yangu na kuitazama kwenye mwanga. Ugonjwa huo ulinipata nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, siku nilipotoka Kiunga kwenda kuomba kitambulisho. Karani aligeuza cheti changu cha kuzaliwa mara tatu, akaniuliza babu yangu alizikwa wapi, kisha akaniambia nirudi na mtu anayenijua. Nilirudi mara mbili bure. Mara ya tatu jirani yetu, mwanamke mzee mwenye goti bovu, alipanda boti pamoja nami akasimama mbele ya meza ile. "Namyua," akasema, yaani namjua kwa lugha ya kwetu, wala hakuongeza neno. Nikapewa kitambulisho.

Kwa hiyo hospitali ndogo ya hapa Amu, kisiwani Lamu, ninayotunza kompyuta zake ilipotaka seva ya utambulisho, nilijua kazi hiyo itanitoa jasho. Seva ingeshika majina ya wafanyakazi wote na kuamua nani afungue faili za wagonjwa na nani asifungue. Lakini yenyewe lazima ijulikane kwanza. Katikati ya kuisakinisha husimama, ikaandika ombi la cheti, na ombi hilo hupelekwa kwa mamlaka ya nje litiwe sahihi. Lisipotiwa, kazi haisongi.

Sahihi hiyo ilikuwa mikononi mwa afisa kutoka bara, aliyeletwa na makao makuu miezi mitatu nyuma. Aliiweka kwenye laptopu isiyowahi kuunganishwa na mtandao, ndani ya kabati lenye kufuli. Hakuwa na kosa ninaloweza kulitaja. Alisalimia watu, alikula peke yake, na alitembea kwenye mchanga wa Shela, alikopanga chumba, akiwa na viatu vya kamba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilimshuku kwa hayo tu.

Nikajikinga. Seva nikaitenga na mtandao mpaka nimalize, asije akaichungulia. Tena nikatunga fomu: kila atakayeingizwa aletwe na mfanyakazi anayemjua, na asiye na wa kumdhamini abaki nje. Sioni haya kusema kwamba niliitunga nikimfikiria yeye.

Asubuhi ya siku ya kazi umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Betri ndogo ndani ya seva ilikuwa imekufa, ikawa imesahau saa. Nikaiwekea saa mwenyewe, haraka haraka, nikitazama saa ya ukutani, nikaanza kusakinisha. Ilipotoa ombi nikalitia kwenye flashi nikampelekea yule afisa pamoja na barua ya maombi.

"Nani mwingine anaijua seva hii?" akauliza.

"Naijua mimi."

"Wewe ndiye unayeomba, dada. Nahitaji mtu wa pili."

Kisha akainua barua yangu ya maombi dirishani, kwenye mwanga. Ilibidi aitwe metroni, mama wa Amu aliyekuwa akisimamia hospitali, aje athibitishe kuwa ombi limetoka kwetu. Ndipo afisa akatia sahihi na kunirudishia flashi.

Nilipoiingiza, seva ilikikataa cheti. Iliandika kwamba muda wake wa kutumika haujaanza. Sikuhitaji kufikiri zaidi. Ametia tarehe ya mbele, nikasema moyoni, ili nionekane sijui kazi na makao makuu walete mtu wao. Nikaenda moja kwa moja kwa metroni, nikamwambia afisa amefanya makusudi.

"Yambo hili si la kuteza, mwanangu," akasema. "Nikiandika barua, huyu ataondolewa kazini. Una hakika?"

"Ninayo."

Akavuta karatasi. Kabla hajaimaliza barua akamwita afisa, akamweleza shtaka langu. Hakubisha. Aliomba kuiona seva tu, tukaenda naye watu watatu mpaka chumba nilichoiweka, kilichokuwa zamani stoo ya dawa. Alikifungua cheti: kilianza asubuhi hiyo hiyo, 10:30, yaani saa nne na nusu.

"Na seva yako inasema ni saa ngapi?"

Kwenye kioo ilikuwa tano na dakika kumi. Nikainua macho ukutani: tano na dakika kumi. Saa ile iliachwa na mzee wa dawa aliyestaafu, na aliiweka kwa hesabu yetu, mshale ukiwa kwenye tano ni saa tano ya asubuhi. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Kwake yeye tano ni saa kumi na moja alfajiri, na cheti cha saa nne na nusu asubuhi bado hakijazaliwa.

Miaka yote nimekuwa nikiigeuza saa ile kichwani bila hata kufikiri. Asubuhi hiyo kichwa kilijaa mtu mmoja. Na kama nisingeitenga seva na mtandao, ingejirekebishia saa yenyewe. Hata ningekaa kimya hadi jioni, cheti kingekubalika. Nyani haoni kundule.

Afisa naye aliiona saa ya ukutani, akaelewa. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. "Rekebisha, tuendelee," akasema.

Nilimgeukia metroni mbele yake. "Ichane, Bi Metroni. Kosa ni langu." Aliichana barua vipande vinne huku akinitazama.

Adhuhuri seva ilikuwa imeanza kazi, tukaanza kuingiza majina. Yeye alikuja wa mwisho, fomu yangu mkononi, ameijaza kwa mwandiko safi. Mahali pa mdhamini palikuwa wazi.

"Nimewauliza," akasema. "Wanasema mimi mgeni, hawanijui."

Hakuniomba. Aliiweka mezani tu. Nami ningeweza kusema simjui: sikujua babu yake alizikwa wapi, wala akina nani wanamngoja huko bara. Nilijua kwamba nilimshtaki bure na hakuinua sauti.

Nikavuta kalamu. Metroni, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Wamyua?"

Nikamkumbuka jirani yetu na goti lake, akishikilia ukingo wa meza ile.

"Namyua," nikasema, nikatia sahihi.