Nilimlisha Shangazi Maneno Kwenye Ripoti ya Kiwanda

Ndugu zangu, mimi ni mwongo. Tena si mwongo wa barazani tu. Uongo wangu ulipigwa chapa kwenye karatasi za kung'aa, ukapelekwa Ulaya! Nimekaa nao miaka yote hii, na kila nikiukumbuka nasikia kichefuchefu. Leo nautapika hapa mbele yenu, mnisikie.

Nilikuwa katibu muhtasi wa kiwanda kidogo cha ngozi, huko Uru, kwenye miteremko ya mlima. Ni miaka ile serikali ilipokuwa inauza viwanda vyake, na chetu kilinunuliwa na bwana mmoja tuliyemwita Bosi tu. Ngozi mbichi zililowekwa kwenye chokaa na madawa mpaka manyoya yang'oke. Halafu maji yale ya kijivu, yenye manyoya na vipande vya mafuta, yalikwenda wapi? Kwenye mfongo!

Mfongo, kwa wasiotoka kwetu, ni mfereji uliochimbwa na mababu kuteremsha maji ya mlimani. Una wazee wake, una zamu zake, na anayeukosea hutozwa faini ya pombe. Kutoka kiwandani mfongo ule uliteremka kwenye vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na kimojawapo kilikuwa cha shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea mama alipofariki. Shangazi alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza. Jumapili baada ya misa watu walipanda hata kutoka Pasua, kule chini mjini, kuja kunywa kwake.

Siku moja Bosi akaniita. Wanunuzi wa Ulaya, akasema, wanapenda kiwanda kinachoeleza chenyewe jinsi kinavyotunza mazingira, wafanyakazi na majirani zake.

"Hakuna sheria inayotulazimisha," akasema. "Ripoti hii ni ya hiari. Kwa hiyo tunaandika mazuri tu."

Nikacheka. Jamani, nilicheka!

Nikaandika juu ya bwawa la kusafishia maji. Bwawa lilikuwepo, ndiyo. Tulilijaza maji safi siku ya kupiga picha, baada ya hapo likabaki la vyura. Nikaandika juu ya glavu za wafanyakazi, na glavu zenyewe zilikuwa zimefungiwa stoo zisije zikachakaa. Nilipofika ukurasa wa majirani nikakwama, maana Bosi alitaka picha ya jirani na maneno yake.

Nikaenda kwa shangazi na kamera ya kiwanda. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akasimama kando ya pipa la mbege, anacheka. Picha ilitoka nzuri ajabu. Wakati naondoka akanishika mkono.

"Mwanangu, mwambie bosi wako maji yananuka siku hizi. Hata mbuzi anayakataa."

"Nitamwambia, shangazi."

Sikumwambia. Nilirudi ofisini, na chini ya picha yake nikaandika kwa Kiingereza kwamba mama huyu, jirani wa kiwanda, hutumia maji ya mfongo kila siku kupikia pombe yake na hajawahi kuona tatizo lolote. Wala msimlaumu Bosi kwa hilo! Yeye alitaka mazuri, lakini maneno yale niliyatunga mwenyewe. Aliposoma akaniuliza, "Amesema kweli hivi?" Nikajibu ndiyo bila kupepesa. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo.

Ripoti ilipotoka nikampelekea shangazi nakala. Shangazi hakujua Kiingereza. Akaipapasa ile picha kwa kiganja, akaniuliza, "Hapa chini wameandika nini?"

"Wameandika kwamba wewe ni mpishi bora wa mbege Uru nzima."

Ptuu! Mdomo wangu huu huu! Shangazi akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akaibandika ukutani, juu ya benchi la wateja, na kila aliyeingia alionyeshwa.

Maji yakazidi kuharibika. Wazee wa mfongo wakaja kiwandani kulalamika. Mimi ndiye niliyewapokea, nikawaamkia shikamoo, nikawapa viti. Bosi akafungua ripoti akawageuzia.

"Huyu si mwenzenu? Mbona yeye anasema maji hayana tatizo?"

Wazee wakatazama ile picha, wakaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sinia la chai.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Waliteremka moja kwa moja mpaka kwa shangazi wakamuuliza kiwanda kimemnunua kwa bei gani. Shangazi akawacheka. Akawaonyesha ukutani, akasema yeye anasifiwa upishi tu, wasome wenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anakunywa pale akavaa miwani, akasoma, akatafsiri neno kwa neno.

Shangazi angeweza kusema, "Ni mtoto wa kaka yangu amenidanganya," na yote yangeishia hapo. Hakunitaja! Akakubali lawama yangu kama mzigo wake mwenyewe. Wazee wakamnyima zamu ya kumwagilia mpaka atoe faini ya pipa zima la mbege, linywewe na watu wote wa mfongo.

Siku ya faini nilikwenda. Nilijibanza kati ya wanawake, khanga nimeivuta mpaka usoni. Mbege ilikuwa imepikwa kwa maji ya mfongo ule ule, maana mengine angeyatoa wapi? Meku, mzee mkuu wa mfongo, akachotewa kata ya kwanza. Akapiga funda, akasita. Akaingiza vidole mdomoni na kutoa kibonge cha manyoya meupe ya ng'ombe, yamegandana na mafuta.

Akatema chini. "Mama, hii ni faini au ni matusi?"

Watu wakachungulia pipa. Wakaanza kutema mate hata wasioonja. Mmoja akapiga kelele, "Kumbe ndiyo hii tunayokunywa Jumapili!"

Shangazi alichota kata nyingine, akaijaza, akapita katikati ya watu mpaka nilipoketi.

"Kunywa, mwanangu," akasema taratibu. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba hayana tatizo."

Uwanja wote ukanigeukia. Nikaipokea kata kwa mikono miwili. Harufu ya chokaa na ngozi ikanipanda puani, harufu ile ile niliyoishi nayo ofisini mpaka nikawa siisikii tena. Nikaifikisha midomoni. Jamani, sikuweza! Niligeuka nikatapika kwenye shina la mgomba, mbele ya wazee, mbele ya watoto, mbele ya kila mtu anayenijua.

"Basi," akasema Meku. "Mwenye faini tumempata."

Shangazi akarudishiwa zamu yake, na mimi nikatoa mbuzi. Lakini wateja hawakurudi. Wakamwita Mama Manyoya, mwanamke aliyekuwa anaosha kata zake mara mbili mbili! Akauza pipa lake. Kilabu chake kikawa banda la kuku.

Na mimi je? Mnadhani niliacha kazi? Jumatatu nilikuwa mezani kwangu! Mwaka uliofuata tukaandika ripoti nyingine, tena nzuri kuliko ya kwanza. Ukurasa wa majirani tuliuondoa tu. Si ilikuwa ya hiari? Nani angetuuliza? Najichukia mpaka leo.

Ninyi mnaoandika ripoti za viwanda, hasa zile msizolazimishwa, nisikilizeni. Usimsemee jirani. Nenda ukamuulize, na akisema maji yananuka, andika kwamba yananuka. Kama huwezi kuandika hivyo, acha ukurasa mtupu, usiweke picha ya mtu.

Shangazi bado yupo, na nikienda ananipokea vizuri. Ananikaribisha kwenye kiti cha wageni, anatuma mtoto dukani, ananifungulia soda. Ndugu zangu, mwanamke aliyenilea, aliyenichotea mbege kwa mkono wake tangu nilipokua, leo ananifungulia soda! Nainywa yote, naaga, na hanisindikizi.